Kiporo cha maharage na bidoni ya ziwa

Katika nyumba nyingi za Goma, mashariki mwa Kongo, sufuria ya maharage hupikwa mara moja, ikaliwa mara tatu: mchana, jioni, na asubuhi yake watoto wakijiandaa kwenda masomo. Makala, yaani makaa ya kupikia, ni ghali, na hakuna mama atakayekoka moto wa saa tatu kwa ajili ya sahani moja. Frigo wanayo wachache, na hata hao umeme huwakatikia. Kwa hiyo anayekuja mitaa yetu ya Birere au Majengo kutuambia tusile kiporo hajatusaidia kitu. Kiporo tutakila. Linalotuhusu ni kujua kimekaa vuguvugu kwa saa ngapi, na namna ya kuzipunguza saa hizo kwa vitu ambavyo hata mwezi ujao tutaweza kuvipata.

Wengi wetu tulilelewa tukiamini kwamba chakula kikichemka kimepona. Kwa kipindupindu ni kweli. Kwa maharage yaliyolala si kweli. Udongo unaokuja na maharage, mchele na vitunguu una vijidudu vinavyojifungia ndani ya ganda gumu liitwalo spora, na maji yanayochemka hayalivunji ganda hilo. Sufuria ikitoka motoni na kupoa polepole, spora huamka. Kijidudu kiitwacho Clostridium perfringens hustawi zaidi kwenye joto la nyuzi 43 hadi 47, na hapo hujigawa kila baada ya dakika 10 hivi. Kimoja kikienda kwa mwendo huo, baada ya saa tatu vimekuwa zaidi ya 250,000. Na joto hilo ndilo la sufuria ya lita kumi iliyofunikwa vizuri, ikaachwa juu ya makala yanayozimika ili isipoe. Tunafanya hivyo kwa upendo, na ndipo tunapovilea.

Shirika la Afya Duniani linaweka mipaka miwili: nyuzi 5 na nyuzi 60. Chakula kilichopikwa kisikae kati ya mipaka hiyo zaidi ya saa mbili. Kupasha tena husaidia, lakini husaidia nusu. Bacillus cereus kwenye wali huacha sumu ya kutapisha ambayo moto wa jikoni hauiondoi. Staphylococcus kutoka kwenye kidonda cha kidole au puani kwa mpishi nacho huacha sumu inayovumilia kuchemshwa. Kijidudu kimekufa, sumu yake imebaki. Ndiyo sababu mtu anaweza kula chakula kinachotoa moshi kisha akatapika baada ya saa mbili, na jirani wakaanza kutafuta nani kamroga.

Basi chakula kiwe cha moto unaochoma, au kiwe baridi. Kwa lile la kwanza tuna kikapu cha joto.

Chukua kikapu cha mianzi chenye mdomo mpana kuliko sufuria yako kwa kama sentimita 20. Katoni ngumu iliyotiwa ndani ya gunia nayo inafaa. Chini weka majani makavu ya migomba yaliyoshindiliwa, unene wa sentimita 10, na pembeni hivyo hivyo. Nguo kuukuu na blanketi lililochanika vinafaa. Mabaki ya sponji wanayotupa mafundi wa viti yanafaa kuliko vyote, lakini sponji isiguse sufuria, kwa sababu inayeyuka na kutoa moshi mbaya. Tandika kitambaa cha pamba katikati yake na sufuria, viwili kama una vingi. Juu shona mto wa unene huohuo, unaojaa mdomo wote wa kikapu bila kuacha upenyo. Kuukagua upenyo ni rahisi: funika sufuria ya maji ya moto, subiri dakika tano, pitisha mkono pembeni. Unaposikia joto linatoka, hapo ongeza kitambaa.

Sasa maharage. Kilo moja iloweke usiku kucha katika lita tatu za maji, na asubuhi maji hayo uyamwage. Goma iko kama mita 1,500 juu ya bahari. Maji yetu huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100, ndiyo maana maharage ya huku yanakula makala kuliko ya pwani. Tia maji mapya, pika kwa moto mkali, yachemke kwa povu kwa dakika 30 nzima kabla ya kwenda kikapuni. Hizi dakika 30 usizipunguze hata kama makala yamebaki kiganja. Maharage mekundu yana sumu yake ya asili ambayo moto mkali huiharibu, lakini joto la nyuzi 80 haliiharibu, tena huizidisha ukali. Aliyeyapasha kidogo na kuyafungia kikapuni yakiwa bado hayajachemka vizuri amepika sumu. Kutapika huanza saa moja hadi tatu baada ya kula.

Baada ya dakika 30 funika, futa masizi, ingiza kikapuni papo hapo, weka mto na jiwe juu yake. Usifungue kuonja. Baada ya saa nne toa, rudisha motoni, yachemke tena dakika 15, tia chumvi na mafuta. Kama wa kula hawajafika, rudisha kikapuni kwa saa nyingine nne. Moto uliotumika ni wa dakika 45 au saa moja badala ya saa tatu.

Panapoharibika ni hapa. Sufuria ikiwa nusu tupu, joto lake ni dogo na linakwisha upesi: ijae angalau theluthi mbili. Mama wa malewa, yaani mgahawa wa mtaani, akifungua kila mteja anapofika, kikapu kimekuwa kapu tu. Bora agawe maharage katika sufuria mbili, moja ya kuuzia ikae jikoni, ya pili ibaki imefungwa. Majani yakilowa mvuke hayazuii joto tena na huota ukungu, kwa hiyo yaanikwe kila juma. Nyama ya mapande makubwa hatuiweki humo kabisa, maana katikati ya pande joto huchelewa kufika. Na kosa kubwa kuliko yote ni kukiacha kikapu usiku kucha. Saa kumi ni nyingi. Alfajiri utakuta maharage ya nyuzi 45, yaani umevitengenezea vijidudu kitanda.

Kipimajoto ni kizuri, lakini nta ya nyuki inatosha. Nta safi huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64. Weka kipande cha ukubwa wa harage katika kichupa cha kioo cha dawa kilichooshwa, kifunge barabara, kiyeyushe jikoni kisha ukigeuze ili nta igande upande mmoja. Kifunge kwa waya na kukiteremsha ndani ya sufuria kabla ya kufunika, waya ubaki nje. Ukifungua kikapu na kukuta nta bado ni maji, chakula kiko juu ya nyuzi 60. Ukiikuta imeganda, hujui imeganda tangu saa ngapi. Usikirudishe kikapuni, kichemshe na kukigawa sasa hivi. Kichupa kisipofungwa vizuri nta huvuja ikaelea kwenye mchuzi. Haina madhara, ila umepoteza kipimo.

Kinachobaki baada ya chakula cha jioni kifuate njia ya pili, ya baridi. Usikiache ndani ya sufuria yake. Kimimine katika mabeseni mapana, kina kisizidi sentimita 5, na beseni likae juu ya beseni kubwa lenye maji baridi. Koroga kwa kijiko safi mara kwa mara. Chakula cha kina hicho hupoa kwa saa moja hadi mbili, wakati sufuria nzima hupambana na joto lake mpaka usiku wa manane. Kisha funika, weka chini sakafuni upande wa ukuta usiopigwa na jua, mbali na jiko. Usiku wa Goma haufiki zile nyuzi 5, lakini una baridi kuliko wa miji mingi ya nchi hii, tuutumie. Asubuhi kichemke chote, kikitoa mapovu hadi katikati, dakika tano bila kuacha kukoroga, kiliwe kiishe. Hakipashwi mara ya pili. Wali wenyewe tunashauri upikwe wa kuisha, kwa sababu ya ile sumu isiyokubali moto.

Kuna jambo la mfuko wa plastiki. Wapishi wengi hufunika maharage na viazi kwa sashe za plastiki ili mvuke usitoke, kisha wanaweka mfuniko juu. Nia ni kuokoa makala. Lakini plastiki hiyo ni ya mifuko ya kubebea, imetengenezwa kwa rangi na mchanganyiko usiokusudiwa moto, na vitu vyake huingia kwenye chakula chenye mafuta. Jani la mgomba lililopitishwa juu ya moto hadi likalegea hufanya kazi ileile. Weka mawili yakipishana, mishipa mikubwa ikatwe yasipasuke, mfuniko juu, jiwe juu ya mfuniko.

Tuje kwenye bidoni.

Sehemu kubwa ya Goma imejengwa juu ya mawe ya volkano. Bomba halifiki kila mtaa, shimo la choo halishuki chini kwa sababu mwamba unakataa sululu, na maji ya wengi yanatoka Ziwa Kivu, yakipandishwa kwa bidoni za njano za lita 20 kichwani, mgongoni au kwenye chukudu, baiskeli ya mbao ya kusukuma. Kipindupindu kinaijua njia hiyo vizuri. Wakati wa mlipuko kuna watu wanaosimama ziwani na seringi, wakitia klorini katika kila bidoni. Kazi yao ni ya thamani. Lakini klorini ikiingia kwenye bidoni chafu inamalizwa na uchafu wa bidoni, na maji yanafika nyumbani hayana ulinzi.

Anza basi na bidoni. Ingiza kidole ndani ya mdomo wake. Ukigusa utelezi, hayo ni makazi ya vijidudu na ndiyo yanayokula klorini. Tia kiganja cha changarawe za volkano, nyeusi na zenye makali, lita moja ya maji, sabuni ya unga kijiko kimoja. Funga, tikisa dakika tatu ukiigeuza pande zote, mwaga, suuza mara mbili. Mara moja kwa juma inatosha. Kifuniko kioshwe kwa brashi ya meno ya zamani, na kipande cha sashe kinachozungushiwa mdomo badala ya kifuniko kitupwe. Kila siku kinashikwa na mikono mingi na hakioshwi kamwe.

Dawa yenyewe, anayeweza kupata klorini ya unga ya asilimia 70 atengeneze maji-mama ya asilimia moja: gramu 15, karibu kijiko kimoja cha supu kisicho na kilima, katika lita moja ya maji safi, ndani ya chombo cha plastiki. Chuma hapana. Unga huenda kwenye maji. Maji hayamwagwi juu ya unga, maana huchemka na kurusha. Fanyia kazi nje, mgongo kwenye upepo, mbali na mafuta ya petroli na sabuni. Koroga, acha nusu saa chokaa ishuke, mimina yale maangavu ya juu katika chupa isiyopitisha mwanga. Andika tarehe. Baada ya siku saba nguvu imepungua, tengeneza mapya. Chupa ya plastiki angavu iliyowekwa dirishani inaweza kuwa na harufu lakini isiwe na kazi tena.

Kwa bidoni ya lita 20 pima mililita 5 za maji-mama kwa seringi isiyo na sindano. Wenye javeli, klorini ya maji ya dukani, wasome namba kwenye chupa: ya asilimia 5 inatakiwa mililita 1 tu kwa bidoni nzima. Isiyoandikwa asilimia, au yenye manukato, ni ya sakafu na choo; isiguse maji ya kunywa.

Sasa kuna jambo la ziwa letu ambalo karatasi nyingi za maelekezo haziliandiki. Maelekezo yanasema subiri dakika 30. Hesabu hiyo ni ya maji ya kawaida, yenye pH, yaani kipimo cha uchachu na magadi, isiyovuka 8. Maji ya juu ya Ziwa Kivu yana pH inayozunguka 9, yana hali ya magadi, kama sabuni kidogo; ukiyaoga unaisikia ngozi. Katika maji ya namna hiyo klorini nyingi hugeuka kuwa umbo lenye uwezo mdogo wa kuua. Haijapotea, ila imekuwa mvivu. Dawa yake ni muda: subiri saa nzima, wala usipunguze kipimo kwa ajili ya harufu. Baada ya saa hiyo fungua na kunusa. Harufu nyepesi ya klorini ikisikika, maji yamelindwa. Isiposikika kabisa, maji yalikuwa machafu kuliko dawa: rudia nusu ya kipimo na kusubiri tena. Harufu ikikera, mimina maji ya kunywa katika jagi safi lililofunikwa kitambaa saa moja kabla ya chakula, itapungua.

Maji yenye tope yachujwe kwanza. Kitenge kuukuu kilichofuliwa mara nyingi, nyuzi zake zimebana, kikunjwe mara tatu kuwa matabaka nane. Bangladesh walijaribu hivyo kwa sari kuukuu, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2003 yalionyesha kipindupindu kimepungua karibu nusu, kwa kuwa kijidudu chake hupenda kushikamana na viumbe vidogo vinavyoelea majini, na hao hukwama kwenye kitambaa. Nusu iliyobaki ndiyo ya klorini. Kitenge kigeuziwe upande uleule kila siku, kifuliwe na kuanikwa juani.

Maji ya kupikia hayahitaji klorini, kwa sababu yatachemka. Familia nyingi humaliza dawa kwa kuitia katika bidoni zote tano za siku, kisha ya kunywa ikakosa. Weka alama ya rangi kwenye bidoni moja: hiyo ni ya kunywa, ya kuoshea matunda na ya kusuuza sahani mara ya mwisho. Mboga zinazoliwa mbichi, kama nyanya na kabichi ya saladi, zioshwe tope kwanza, kisha zikae dakika 10 katika maji yenye mililita 5 za maji-mama kwa kila lita, zisuuzwe. Ubao wa kukatia nyama unapigwa sabuni kwanza, halafu mililita 20 kwa lita, uachwe ukauke wenyewe. Ukifutwa kwa kitambaa kilekile kilichofuta meza tangu asubuhi, kazi yote imerudi nyuma.

Ya mvua yanahitaji neno moja. Moshi wa volkano ya Nyiragongo hutia asidi na floridi kwenye matone, na floridi haiondolewi na klorini wala kwa kuchemsha. Kuchemsha sana huizidisha, maana maji yanapungua yenyewe inabaki. Mvua ya kwanza iachwe ioshe bati, na siku moshi umeelekea kwenu maji hayo yawe ya kufulia. Madoa ya kahawia kwenye meno ya watoto wanaokua ni alama yake.

Kuhusu mikono hatutasema mengi, yanajulikana. Kibuyu chirizi kinatokana na bidoni ya lita 5 iliyotobolewa tundu moja kwa msumari wa moto, ikaning'inia kwenye mti na kuvutwa kwa kamba ya mguu, ili mkono mchafu usiguse kitu. Kinachokiua ni sabuni kuibiwa. Badala ya mche, weka gramu 30 za sabuni ya unga katika chupa ya lita 1.5 ya maji, kifuniko chake kikiwa na tundu dogo, uifunge na kamba. Hakuna anayeiba maji ya povu.

Sambaza, samaki wadogo wa ziwa wanaouzwa soko la Kituku, huvuliwa usiku kwa taa na kufika ufukweni alfajiri bila barafu. Hapo saa zinahesabiwa tangu anapotoka majini, na ziko mikononi mwa mvuvi kuliko zetu. Mnunuzi atazame tumbo: sambaza aliyepasuka tumbo amekwisha kuanza kujila mwenyewe kwa ndani. Jicho liwe angavu, mwili usilegee ukimshika mkia. Samaki wa jamii hii akikaa kwenye joto hutengeneza histamini, inayowasha midomo, kuleta vipele na kuumiza kichwa, na kumkaanga mpaka awe mkavu hakuiondoi. Kwa hiyo yule wa saa nane mchana anayeuzwa kwa bei ya kutupa si nafuu hata akikaangwa vipi.

Wa kukausha aoshwe, akae dakika 15 katika maji ya chumvi, gramu 100 kwa lita, kisha aanikwe kwenye wavu ulioinuliwa mita moja, tabaka moja tu, hewa ipite chini. Mchanga wa ufukweni na turubai la chini vinamrudishia uchafu na maji yake mwenyewe. Nzi huzuiwa kwa wavu mwepesi juu. Lakini si chandarua cha mbu kilichotiwa dawa! Dawa ile ni sumu ya wadudu na hushika kwenye mafuta ya samaki. Vyandarua hivyo viko kila mahali, tumeviona vimefunika samaki wa kuuza, na aliyevifunika aliamini anatunza usafi. Siku za mvua ya mfululizo usianike. Mkaange au mkaushe kwa moshi siku hiyohiyo, kwa sababu samaki aliyekauka nusu huoza kwa ndani huku ngozi ikionekana nzuri.

Maziwa ya Masisi yachemshwe mpaka yapande, yakorogwe yasimwagike, yaendelee kuchemka dakika moja au mbili. Wengine wanaamini mashanza hayana shida kwa sababu yameganda na ni machachu. Uchachu hauui ugonjwa wa kutupa mimba wa ng'ombe, ule unaompa mtu homa ya miezi. Chemsha kwanza, acha yawe vuguvugu, ndipo utie kijiko cha mashanza ya jana. Kwa njia hii hata ladha inakuwa ileile kila siku, kwa kuwa ni chachu unayoichagua wewe.

Karanga na mahindi vina adui asiyeshindwa kwa kuchemshwa. Ukungu wa Aspergillus huacha sumu iitwayo aflatoksini, nayo hupita kwenye kinu, kwenye sufuria na kwenye uji wa mtoto bila kupungua vya kutosha. Kenya, mwaka 2004, mahindi yenye ukungu yaliwauguza watu 317, wakafa 125. Ikiwa kidogo kidogo kila siku huharibu ini, nasi tunaamini ni maradhi ya tumbo tu. Karanga mbovu hazitupwi sokoni, zinasagwa. Kwa hiyo nunua nzima, zimwage kwenye ungo, toa zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zilizovunjika, zenye uchungu. Kuchambua kwa mkono huondoa sehemu kubwa ya sumu, kwa kuwa sumu hukusanyika katika punje chache. Ulizotoa usiwape kuku wala ng'ombe, maana sumu hurudi kwa maziwa na mayai. Zichomwe.

Mahindi kabla ya kuyafungia guniani yapime kwa chumvi. Chupa ya kioo kavu kabisa, vijiko vitatu vya chumvi iliyokaushwa kwenye kikaango, mahindi hadi theluthi ya chupa. Tikisa dakika mbili au tatu, acha dakika 15. Chumvi ikishika kwenye kioo, unyevu umepita asilimia 15: anika tena. Isiposhika, yako karibu, lakini siku moja ya jua zaidi haidhuru, kwa kuwa usalama unaanza asilimia 13.5. Kosa la kawaida ni chumvi yenyewe kuwa na unyevu. Itashika hata kwa mahindi makavu, na mtu ataanika siku tatu bure.

Mwisho ni unga wa muhogo. Muhogo mchungu una linamarini, na linamarini hutoa sumu ya sianidi. Zamani uliloweshwa siku tatu au nne mpaka ukalainika. Barabara ikifungwa, njaa ikibana, au wafanyabiashara wakiharakisha, unaloweshwa siku moja, ukaanikwa, ukasagwa, na ukawa mweupe vilevile. Macho hayaoni tofauti. Kizunguzungu na kutapika baada ya fufu, ugali wa muhogo, ni dalili ya karibu. Ya mbali ni konzo, ambayo daktari Giovanni Trolli aliieleza huko Kwango, magharibi mwa nchi hii, mwaka 1938: miguu yote miwili hupooza ghafla na haiponi. Huwapata zaidi watoto na mama, hasa wanaokula muhogo mchungu bila maharage wala samaki.

Mwenye unga usioujua ulikotoka ana njia moja isiyomgharimu hata senti, aliyoibuni Howard Bradbury wa Australia na kujaribiwa vijijini Bandundu. Weka unga ndani ya beseni, usawazishe, weka alama kwa makaa pale ulipofika. Tia maji kidogo kidogo ukikoroga. Mwanzoni unga utashuka. Endelea kutia mpaka upande tena ufike kwenye alama, kisha acha. Utandaze kwenye mkeka safi, unene usizidi sentimita moja. Kimeng'enya cha muhogo wenyewe kitaamka kwa unyevu huo na kuivunja linamarini, na sianidi, ambayo huchemka kwenye nyuzi 26 tu, itaondoka na hewa. Juani saa mbili, kivulini saa tano. Ukiutandaza mnene sentimita tatu, wa chini hautoi kitu. Ukiufunika turubai kwa kuogopa vumbi, gesi inabaki humohumo. Tumia kitambaa chepesi. Usiuanikie chumbani wanakolala watoto. Na sombe, majani ya muhogo, nayo itwangwe vizuri, iachwe kidogo, ichemke mfuniko wazi, kwa sababu hiyohiyo.

Unga uliolowanishwa haulali. Upikwe siku ileile, la sivyo unachacha na kuota ukungu. Kwa fufu ya jioni, siku ya mawingu, ulowanishe saa tano asubuhi na kuutandaza kivulini. Saa kumi maji yakichemka, utakuwa tayari.